Sanduku Litafika Bila Mimi

Kardif, Ulaya

Mke wangu Zuwena,

Salamu zangu zikukute hapo Mkunazini homa imekutoka na paa la jikoni halivuji tena. Mimi ni mzima, na neno hilo ulishike, maana meli ikifunga gati utaletewa sanduku langu bila mwenyewe. Usiangue kilio, wala usikae eda. Sijafa. Nimeachwa na treni. Barua hii naipeleka kwa ndege ili ilitangulie sanduku.

Sikusahau ulivyoniandikia: "Miaka minne yatosha. Usipokuja na meli hii, nnakwenda kwa kadhi." Basi nisikilize kwanza, halafu uamue.

Watu wa huku wanasifu treni utadhani imeshuka mbinguni. Mpishi wetu wa melini, Mhindi wa Bombay, ndiye hodari wa kuzihadithia. Ati Uswisi ipo inayopanda mlima kwa magurudumu yenye meno. Mbuzi wa Kizimkazi hupanda jabali bila kutiwa meno miguuni, wala hasifiwi na mtu. Ati Urusi unakaa ndani wiki nzima na bado uko nchi ile ile; huko ni kusafiri au kufungwa? Na hapa Uingereza ipo inayoingizwa melini ivushwe bahari mpaka Ufaransa. Nikamwambia, "Kama mwisho wake ni meli, si bora mtu apande meli tangu mwanzo?"

Lakini meli ya kunileta ilikuwa inaondokea London, ikanibidi kulipanda dude hilo kwa mara ya kwanza. Mchukuzi akalibandika sanduku jina la meli na anwani yako, akalitia behewa la mizigo. Treni yenyewe ni vyumba vyumba, kila kimoja na mlango wake. Vyote vimejaa pomoni isipokuwa kimoja, na humo ameketi mwanamke peke yake na gazeti. Sasa Zuwena, mimi nimelelewa wapi niingie chumba cha mwanamke bila ruhusa? Nikagonga kioo, nikabisha hodi kwa Kizungu chao. Kimya. Nikabisha ya pili. Akafunua ukurasa. Ya tatu, hata jicho hakuinua. Ukibisha mara tatu usijibiwe, unarudi. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni tukisoma Kurani. Nikarudi nyuma. Firimbi ikalia, treni ikaenda zake na sanduku langu.

Bibi yangu zamani alipanda gari la moshi la Bububu, cheche ikamtoboa buibui, na behewa zima likampa pole. Hawa na reli zao zote hizi hawajui hata kusema karibu. Ustaarabu gani huo?

Nilipomhadithia mpishi, alicheka mpaka akakaa chini. "Treni haina mwenyewe, Haji! Nani akukaribishe?"

Mimi sikucheka. Nimelia, na nakwambia wewe tu. Nayatukana matreni kwa sababu nimechoka kujitukana mwenyewe.

Nimepata kazi katika meli nyingine inayokuja huko, inaondoka mwezi ujao hapa hapa Kardif. Nitaiendea kwa miguu. Sanduku usilivunje, ufunguo ninao.

Nisalimie mama, na mjomba wako muadhini, na Bi Time mkunga, mwambie dawa yake ya kifua imenifaa sana.

Nikifika nitabisha hodi mlangoni kwako mara tatu, sitazidisha. Usiponijibu nitajua, na nitarudi nyuma kimya kimya. Lakini nijibu hodi ya kwanza, mke wangu.

Mumeo,
Haji