Picha Thelathini na Sita za Mama

Karakana ya Kamera,
Ghorofa ya Kwanza, juu ya duka la rangi.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa kitindamimba wetu,

Hujambo, na wifi hajambo? Kile kikohozi chako cha baridi kimekuachia? Mwambie wifi akupikie kitu cha moto, usijitie ugumu. Huku tunaendelea. Mjomba fundi saa amepona goti, amerudi kwenye kiti chake mlangoni kwangu, na ameshaanza kunifundisha kazi ambayo sikumwomba anifundishe.

Mimi nipo tu. Tangu tumzike mama, wiki ya saba hii, sijalia. Watu wananisifu eti nimejikaza. Nimejikaza wapi! Nimekuwa kama shavu lililochomwa ganzi ya jino. Naligusa, najua ni langu, basi.

Kazi ipo. Juzi mwalimu mstaafu kaniletea kamera yake ya filamu, ya zamani kama ya baba, lenzi imeota ukungu kwa kufungiwa kabatini. Nikamgombeza. Kamera hizi ni chuma na springi, na springi isipofanya kazi inalala. Kila wiki ivute, ibonyeze, hata kama haina filamu. Niliyasema yote hayo mdomo ukienda wenyewe.

Sasa barua yako. Mara tatu umeniuliza kuhusu picha za mama, zile nilizokwambia siku ya msiba kwamba nilimpiga kwa kamera ya baba. Unasema fremu umeshanunua na ukuta umeshatoboa. Nimekuwa nikikupiga chenga. Leo nakwambia.

Hazipo.

Unajua mama alivyokuwa, ukimwelekezea simu anajifunika uso. Simu ni ya kuongea, anasema. Kamera ya baba ndiyo aliyoikubali. Nikaishughulikia siku mbili, nikabadilisha sponji za mlango wake wa nyuma zilizooza, nikatia tone la mafuta kwa ncha ya sindano. Haikuwa na kosa hata moja. Alasiri ile mama akavaa gauni la kijani, akakaa dirishani, mgonjwa lakini anajikaza. Kwa kuogopa atachoka, nikatia filamu haraka haraka, nikafunga.

Baba alitufundisha nini? Ukivuta filamu, tazama kile kishikio kidogo cha kurudishia, upande wa kushoto. Kikizunguka, filamu inatembea. Miaka ishirini nawaambia wateja maneno hayo. Siku ile sikukitazama. Nilimtazama mama.

Nilipofika thelathini na sita, pale filamu inapoishia, mkono wa kuvutia ukaendelea kuvutika. Thelathini na saba. Thelathini na nane. Nikajua. Ulimi wa filamu, ile ncha ya mwanzo, ulikuwa umechomoka, filamu yote imelala ndani ya kopo lake, haijasogea. Mama akaniuliza, "Nimetoka?" Nikasema, "Umetoka vizuri mno, mama." Akasema haya, nilaze sasa. Nikapanga nirudie asubuhi, nimwambie ni za kuongezea. Asubuhi hiyo unaijua, ndiyo niliyokupigia simu kukwambia hatunaye.

Sijamwambia mtu, hata mjomba. Wewe wa kwanza. Ukikasirika, kasirika. Ningefurahi mtu anikasirikie.

Kuna kitu hakinitoki kichwani. Kamera hizi zina kioo ndani, na ukibonyeza kioo kinaruka, sekunde hiyo wewe mpigaji huoni kitu. Mama alikuwa akibana midomo kuficha pengo, halafu nikibonyeza tu, nasikia anacheka. Mara thelathini na sita. Kicheko hicho filamu haikukiona, na mimi pia sikukiona.

Mjomba anakusalimu, anasema saa uliyomwachia inakimbia mbele kama mwenyewe. Mbusu mwanao, mwambie shangazi yake anamkumbuka. Mungu awafunike huko ugenini.

Fremu usiirudishe dukani. Filamu ile bado nzima. Jana nimeitia tena, polepole, na kishikio kimezunguka. Omba likizo uje. Nimeiangalia ile picha yako ya kazini, nawe unabana midomo vile vile. Safari hii nitasubiri ucheke kwanza, ndipo nibonyeze.

Dada yako, akupendaye hata na ganzi hii,

Fundi Kamera