Rafu ya Uhalifu

Bulla Pesa, 3 Februari 2025

Mpwa wangu Hamdi,

Salaam aleikum. Sisi wazima, mbuzi pia, ingawa mvua imetunyima. Wewe na kelele za Nairobi mnaendeleaje?

Juzi nilimpeleka dada yangu mkubwa, Mama Batula, maktabani aone kitabu chetu cha Daaba, ile miaka ya sitini serikali ilipotufungia kambini na kupiga mifugo risasi. Mimi niliandika, yeye ndiye alisimulia zaidi. Tukatafuta kwenye rafu ya historia, hakipo. Kilikuwa kwa uhalifu, katikati ya wezi wa benki na walanguzi wa bangi. Akaniuliza, "Roba, tuliiba nini?"

Mwenye maktaba anasema namba ya rafu ilitoka ofisi yenu huko Nairobi, mnakopanga vitabu. Nani aliiweka?

Mjomba wako,
Abuya Roba

Nairobi, 9 Februari 2025

Abuya,

Aleikum salaam. Mwili mzima, alhamdulillahi, lakini barua yako niliisoma nikaenda kujifungia chooni.

Ni mimi. Mfumo wetu wa namba unagawa historia ya Kenya kwa ukoloni, kisha uhuru, na baada ya hapo kwa marais. Daaba haina mahali pake. Kompyuta iliona neno "shifta", yaani jambazi, kwenye jalada ikapendekeza uhalifu, nami nikakubali. Mkubwa wangu, Mawira, anasema kipindi kipya hungoja toleo jipya la mfumo. Nimemwambia tunaweza kuongeza namba yetu wenyewe. Bado tunavutana.

Niombee radhi kwa Mama Batula.

Mpwa wako,
Hamdi

Bulla Pesa, 16 Februari 2025

Hamdi,

Salaam aleikum. Tuko salama. Nilimsomea Mama Batula barua yako. Akasema, "Muulize kama alikisoma."

Nauliza.

Abuya

Nairobi, 24 Machi 2025

Abuya,

Salaam aleikum. Saumu inawaendeaje? Nisamehe kwa kukawia.

Mawira amekubali. Daaba sasa ni kipindi chenye namba yake, ndani ya historia. Kibandiko kipya kinakuja na gari la wiki hii.

Swali la Mama Batula: hapana, sikukisoma. Niliangalia jalada tu. Nimekisoma sasa. Mama yangu mzazi hakuwahi kuniambia nimerithi jina la nani. Kumbe ni la dada yenu mdogo, aliyekufa kwa kiu kambini mkamzika nje ya seng'enge. Uliliandika jina lake vizuri, Abuya, na mimi nikambandika namba ya wezi.

Nitakuja Idd. Tafadhali usimwambie Mama Batula kwamba naja. Sijui nitamwangalia vipi.

Hamdi wenu