Ufunguo wa Mlango wa Mama

Gozo

Kaka Wistin,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi wazima, ila joto limetukalia vibaya. Wageni wamejaa kisiwani, nawazungusha kutwa hadi sauti inanikauka.

Juzi niliwapitisha mtaani kwetu. Nikawaeleza, kama kawaida yangu, kwamba sisi watu wa Gozo huacha ufunguo mlangoni kwa nje, anayekuja aingie. Bwana mmoja akadhani nyumba ya Mama ni makumbusho. Akazungusha ufunguo, akaingia.

Nilipomfuata nilimkuta mezani, kofia mapajani, anakula mchuzi wa sungura. Mama, ambaye siku hizi anaona vivuli tu, alikuwa anampapasa shavu.

"Wistin, mwanangu, umekonda! Huko Australia hawapiki?"

Mgeni haelewi hata neno, anatabasamu na kutafuna.

"Mama, huyu si..."

"Nyamaza wewe! Toka utotoni una wivu na kaka yako. Mletee mkate!"

Nikamletea mkate. Ningefanyaje?

Tangu siku hiyo Mama anaimba jikoni. Haniulizi tena kama umepiga simu. Jioni ile ile aliuchomoa ufunguo, uliokaa nje usiku na mchana tangu wewe uondoke, akautia mfukoni. "Niliyekuwa namngoja ameshakula," akasema.

Kwa hiyo, kaka, siku ukija usitegemee kuingia tu kama zamani. Bisha hodi. Nitakufungulia mimi.

Dada yako,
Salvina