Nyuma ya Sikio la Bosi

Jumamosi, Kakuma

Hata baada ya sabuni, vidole bado vinanuka mbwa.

Manyoya ya mbwa wangu Bosi yamesokotana tangu aanze kulala chini ya bomba linalovuja. Leo donge la nyuma ya sikio lilinuka vibaya, nikajua chini yake kuna funza. Niliogopa kumpoteza. Jirani yangu Mama Ekai akamshika kichwa, mimi nikashika mkasi.

Nilipolipasua lile donge, hapakuwa na kidonda. Palikuwa na mbegu ya mgunga, imechipua. Mche mweupe, mwembamba kama uzi, mizizi imeng'ang'ania manyoya yaliyolowa.

Mama Ekai, ambaye hanyamazi hata kanisani, aliinama akautazama. Kisha akasema polepole, "Hiyo usikate. Iko hai."

Uwanja huu wa nyumbani umekausha mboga zangu zote za sukuma. Nimeumwagia maji, mbolea, hata maombi. Na huyu mbwa mchafu, bila hata kujua...

Nimeupanda mche kwenye mkebe pamoja na donge lake. Bomba limekauka tangu jioni, na ndoo imebaki na kikombe kimoja cha maji.

Mche umekunywa kwanza, halafu Bosi.