Mkono Niliompungia Baba Mkwe

Mwalimu Bura,

Filimbi yako ninayo mimi. Mkeo, Mama Paulo, alinikabidhi siku ya tatu baada ya mazishi, ikiwa imefungwa kwenye leso yako, bado na kile kiuzi cha katani ulichokisokota mwenyewe. Sijaipuliza. Natumia ile yangu ya bati uliyokuwa ukisema inapiga chafya.

Tulikupeleka Rhotia kwa trekta la shamba la kahawa, maana lori la kijiji liko juu ya mawe tangu vita iishe, halina matairi. Watu walikuwa wengi mno. Hata wachezaji wa Ngorongoro walishuka, wale wale waliokushtaki. Nahodha wao alisema machache kaburini. Alikusifu, kisha akatabasamu: "Mwalimu alikosea mara moja tu, siku ile alipomwita mchezaji aliyechelewa." Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha upendo. Mimi nilikuwa nimeshika koleo. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kufukia.

Sikusema. Ndiyo maana nakuandikia.

Ulinifundisha habari za wachezaji wa akiba kabla hata ya kunifundisha kurusha mpira wa kuanzia mchezo wa kikapu. Jumamosi baada ya Jumamosi, kwenye uwanja wetu wa vumbi, ulijifanya mchezaji wa akiba wewe mwenyewe, na kitambi chako kile. Anaripoti mezani. Karani anagonga rimu la gari, kengele yetu. Anasimama nje ya mstari mpaka mwamuzi amwite kwa mkono. Lakini mtupaji wa adhabu akishashika mpira, haingii mtu, hata awe nani. Atasubiri mpira ufe tena, mchezo usimame. "Mkono wako ndio mlango," uliniambia. "Usiuchezeshe ovyo."

Nikauchezesha ovyo.

Wiki ile ya mechi ya Karatu na Ngorongoro, wazee wa Qurus, kijiji cha mchumba wangu, walikuwa wamepokea posa yangu, mimi mtoto wa vibarua waliotoka Singida, na nilikuwa natembea kama nimepewa shamba. Zimebaki sekunde nne, Ngorongoro wanaongoza kwa pointi moja, mtupaji wa Karatu ameshika mpira kwa mtupo wa mwisho. Wewe uko chini ya kikapu, mimi upande wa meza. Nyuma ya meza namwona baba mkwe anapita. Akainua fimbo yake kunisalimu. Ningemkaushiaje mtu aliyenikubalia binti yake? Nikainua mkono, nikampungia.

Kati yetu alikuwa amesimama yule kijana mrefu wa Karatu, aliyechelewa kufika mezani. Akadhani namwita yeye. Akaingia mbio, mwenzake akatoka kumpisha. Mpira ukagonga chuma, akaudaka, akaurudisha kikapuni, muda ukaisha, Karatu wakashinda.

Watu wakamwagika uwanjani. Nilifungua mdomo, Mwalimu, naapa nilifungua. Ukaniwahi.

"Nimemwita mimi," ukasema, wala hukuniangalia.

Arusha wakakufuta kwenye orodha ya waamuzi wa mkoa. Ulikuwa umebakiza kidogo tu uende kuchezesha Dar es Salaam. Ulikuwa umeshashonesha na suruali nyeusi. Ukaniambia mimi ndio kwanza naanza, tena nina harusi mbele yangu, na wewe goti lako limekwisha hata hivyo. Na mimi nikafurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikushukuru, nikafurahi, nikaoa.

Miaka yote ile nimekuja kwako kila Jumamosi, nimekula makande yako, tumezungumza mahindi, mvua, watoto. Kila nilipoaga ulinisindikiza mpaka kona ya kanisa, ukasimama kidogo kabla ya kugeuka. Nilidhani unapumzisha goti.

Juzi nilimweleza Mama Paulo. Alikuwa anachambua maharage. Hakushtuka hata kidogo.

"Alijua utakuja kusema," aliniambia. "Kila Jumamosi alikuwa anakusubiri."

Akaendelea kuchambua. Nililia pale pale kwenye kigoda chako, mtu mzima na ndevu zangu, mpaka Paulo akaniletea maji.

Jumapili ijayo tunaweka msalaba wako. Ngorongoro watakuja, vijana wa Karatu wa siku ile watakuwepo, na baba mkwe pia. Nitasimama mbele yao wote niseme kwamba hukumwita mtu. Mkono ulikuwa wangu. Mke wangu ana hofu baba yake atajiona ndiye chanzo. Nitamwambia mzee salamu yake haikuwa na kosa, na kwamba baada yake nilikuwa na miaka mizima ya kusema nikanyamaza. Arusha wakitaka kunifuta, wanifute. Barua yao nimeshaiandika, imo ndani ya bahasha.

Filimbi yako sitaivaa kabla ya hapo. Wakiniacha nichezeshe, nitaivaa. Wakinifuta, nitaitunza mpaka Paulo akue.

Pumzika, Mwalimu wangu. Pumzisha na hilo goti. Najua nimechelewa mno kuripoti mezani, na wewe ndiwe uliyenifundisha aliyechelewa anafanya nini: anasimama nje ya mstari, anasubiri mkono.

Nimesimama.

Mwanafunzi wako,
Yohana