Nimeambiwa Nimwache Mungu Mlangoni

Ghorofa ya Pili, Mlango wa Tisa,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Shangazi yako anakusalimu. U hali gani huko uliko? Kile kifua kilichokuwa kikikubana wakati wa baridi kimepona, au bado unajitia hamnazo na kutoka bila sweta? Sisi hatujambo, Mungu anatushika. Mgongo wangu unalalamika kidogo, lakini mashuka ya hospitali hayajui mgongo; kila asubuhi yananingoja kwenye pasi kubwa, yamelowa.

Baba yako ameanza kutembea bila fimbo. Akikuta mtu anamtazama, anajifanya ameisahau tu.

Sasa nikueleze lililonikalisha kuandika. Unamkumbuka bibi aliyekuwa akifagia ngazi zetu, yule aliyekufunga kamba za viatu ulipokuwa mdogo. Miguu imemkataa. Bado anakaa katika kile chumba cha chini karibu na mita za maji, bila kodi, kama alivyoahidiwa kwa mdomo na wenye jengo wa zamani kwa ajili ya kufagia kwake. Sasa kamati ya wakazi inataka kukifanya chumba cha pampu. Hana mtoto wala ndugu. Akitoka pale, ni barabarani.

Jana tulikutana ukumbini. Mwenyekiti ni wakili wa ghorofa ya juu, kijana mwenye adabu zake. Kabla hatujaanza akatuambia humu wanaishi watu wa dini mbalimbali na wasio na dini, kwa hiyo kila mtu atoe sababu ambayo jirani yeyote anaweza kuipima. Mambo ya Mungu tuyaache mlangoni. Watu wakaitika kwa vichwa. Nikainuka mimi, na kwa mazoea nikafungua kwa kumwomba Mungu atupe hekima. Mwanangu, ukumbi mzima uliitikia Amina, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Alikohoa, akatazama dari.

Nikasema nililokuja nalo, kwamba Mungu hutuuliza habari za mnyonge aliyeko mlangoni petu kabla ya kutuuliza habari za sala zetu. Mwenyekiti akanikatiza kwa upole, akaniuliza kama nina sababu nyingine. Nikakaa chini. Shule yangu unaijua ilipoishia. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nayo.

Kilichoniuma zaidi kilifuata. Muuza viatu, jirani yangu ambaye tunasali pamoja, alisimama akasema Mungu anapenda usafi, na bibi yule siku hizi mkojo humponyoka, kwa hiyo hata dini inataka aondoke. Nikatamani mwenyekiti amnyamazishe kama alivyoninyamazisha mimi. Ndipo nikaona yule wakili si mjinga. Tukija kila mtu na Mungu wake mkononi, nani atapima? Atashinda mwenye sauti kubwa, basi.

Tulipotoka, fundi umeme wa mlango wa nne akanifuata ngazini. Huyu hasali, wala haoni haya kusema. Nikamwambia mara ijayo nitakuja na sababu ya kisomi, kama vile usalama: kwamba bibi akikaa pale chini, wezi wanaogopa. Akacheka mpaka akashika ukuta.

“Mama Pasi, mwizi gani amwogope bibi asiyeweza kusimama? Sababu ya kuazima ni kama nguo ya kuazima, haisitiri. Mimi Mungu wako simjui, lakini ukimtaja najua husemi uongo. Uongo ndio unaonichosha mle ukumbini.”

Maneno hayo nimelala nayo, nimeamka nayo. Wewe unasomea mambo ya siasa na haki, na uliwahi kuniambia kwamba wasomi wenu wanabishania hili hili: raia aingie barazani na imani yake, au aivue kwanza. Sijui wamefikia wapi. Mimi nimeshaamua.

Kura ni mwishoni mwa mwezi ujao, na nitasimama tena. Nitasema imani ndiyo iliyoniinua kitini. Sitaificha kama kitu cha wizi. Lakini sitamtaka mtu apige kura kwa kuwa Mungu wangu kasema. Nitawaambia bibi alipewa ahadi, na sisi tuliokanyaga ngazi safi miaka yote tumeifaidi. Hilo hata asiyesali atalipima. Pampu inaweza kukaa nyuma ya jengo. Fundi umeme ameshapakagua. Na uamuzi uandikwe kwa maneno ambayo yeye na mimi tutayatia sahihi bila mmoja wetu kujikana.

Bibi mwenyewe ananiambia nisigombane na majirani kwa ajili ya mtu asiyefagia tena. Nimemwambia anyamaze anywe chai. Wakinishinda, atahamia kwangu, alale kwenye kitanda chako cha zamani. Hilo halihitaji kura ya mtu.

Nisalimie binamu yako na mkewe, na umbusu mtoto wao. Baba yako na mjomba wako fundi saa wanakusalimu sana. Mungu akufunike, akupe akili isiyosahau kusikiliza.

Kama hoja yangu ina tundu, niambie nilizibe mapema. Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye na kukuombea,
Mama Pasi