Mipaka ya Shamba la Chumbi

Mwanamkuu shoga yangu, natoka barazani Kibiti sasa hivi. Sijui nicheke au nilie!

Mudy kamwacha mjukuu wangu Subira, halafu anadai shamba la mpunga la Chumbi ni lake. Lake!

Pale barazani palikuwa na dada mshauri wa fedha, Mungu ambariki, alinivutia kiti, akawaambia waorodheshe mali na jasho la kila mmoja, ndipo wagawane kwa haki. Akamwuliza Mudy, "Shamba lako linapakana na nani?"

Akamtazama Subira amjibie!

Mkulima hodari huyo! Miaka tisa Subira analala dunguni kule shambani akiamia ndege wasimalize mpunga, yeye jirani hamjui hata mmoja. Subira akawataja wote wanne.

Shamba kaandikiwa Subira, pikipiki kaachiwa Mudy. Akanigeukia, "Bibi, sasa mchele nitapata wapi?"

Nikamwambia, "Dukani, mume wangu."